Kufoka na Kuishi: Mawazo ya KRS-One juu ya Rapu na Hiphopu

Kila sanaa inayozaliwa kwa maskini hupata mnunuzi siku moja. Siku mnunuzi anapofika huzuka swali ambalo wenyewe hawakupata kujiuliza hapo awali: kitu gani hasa kinachouzwa, na kitu gani hakiwezi kuuzwa? Mfinyanzi huuza mtungi, lakini hauzi mikono yake wala udongo wa kijiji chake. Mshairi huuza diwani, lakini haiuzi lugha aliyotungia mashairi. Wanunuzi wengi hawaioni tofauti hii, na wasanii wengi huisahau fedha ikisha kuingia mkononi.

Katika muziki wa vijana weusi wa Marekani uitwao rapu, ambao Waswahili waliupa pia jina la muziki wa kufokafoka, mtu aliyeshughulika na swali hili kuliko wengi ni Lawrence Parker, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la KRS-One. Alizaliwa katika mwaka wa 1965, akatoa albamu yake ya kwanza katika mwaka wa 1987, na kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini amerudia fundisho moja kwa nyimbo, kwa mihadhara na kwa vitabu: kwamba rapu na hiphopu si kitu kimoja. Kwa fundisho lake, kufoka ni kazi ambayo mtu huishika na kuiweka chini, kama fundi awekavyo randa jioni. Hiphopu ni mwenendo wa maisha, na mwenye kuishi hana saa ya kuyaweka maisha yake chini. Fundisho hili limekwisha kuwa kama methali miongoni mwa wapenzi wa muziki huo, na kama zilivyo methali nyingi, husemwa mara nyingi kuliko linavyopimwa. Anayetaka kulipima hana budi kwanza kurudi mahali lilipozaliwa.

Bronx ni moja katika sehemu kuu tano za mji wa New York. Baina ya mwaka wa 1948 na mwaka wa 1972 ilijengwa katikati yake barabara kubwa ya magari iitwayo Cross Bronx Expressway, kwa shauri la Robert Moses, mtu aliyekuwa na nguvu nyingi katika ujenzi wa mji ule bila ya kupata kuchaguliwa kwa kura. Barabara ile ilipita juu ya makazi ya watu. Maelfu walihamishwa, wenye uwezo wakaondoka kwa hiari yao, thamani ya nyumba ikaanguka, na waliobaki wakawa ni wale wasiokuwa na pa kwenda. Katika miaka ya 1970 majengo mengi ya Bronx ya kusini yaliteketea kwa moto. Mengine kwa uchakavu, mengine kwa hila ya wenye nyumba waliotaka fedha za bima. Wakati huo huo serikali ya mji, kwa upungufu wa fedha, ilifunga baadhi ya vituo vya zimamoto. Rais Jimmy Carter alipokwenda kuitazama Charlotte Street tarehe 5 Oktoba 1977 alikuta vifusi na magofu, mfano wa mji uliopigwa kwa mabomu.

Katika mahali hapo ambapo serikali iliondoa mkono wake, vijana waliweka wa kwao. Tarehe 11 Agosti 1973, katika chumba cha mikutano cha jengo nambari 1520 la Sedgwick Avenue, msichana mmoja, Cindy Campbell, aliandaa dansi ya kiingilio ili apate fedha za kununulia nguo za shule. Mpiga santuri alikuwa kaka yake, Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc. Herc aligundua kwamba wachezaji hungoja kwa hamu sehemu fupi ya wimbo ambapo sauti za waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Akabuni njia ya kuirefusha sehemu hiyo kwa kutumia santuri mbili zilizo sawa juu ya mashine mbili, moja ikiisha nyingine ikianza. Juu ya msingi huo vijana wakajenga: wako waliocheza kwa kujizungusha chini kwa mikono na migongo, wako waliochora majina yao kwa rangi juu ya kuta na mabehewa ya treni, na wako walioshika kipaza sauti wakawachangamsha wachezaji kwa maneno yenye vina.

Jambo moja lataka kukumbukwa hapa, maana hoja yote ya Parker imesimama juu yake. Mwenye kipaza sauti hakuwa bwana wa shughuli. Bwana alikuwa mpiga santuri. Mfokaji alikuwa msaidizi wake, mpiga debe wa karamu, na maneno yake yalikuwa sehemu moja ya kitu kikubwa zaidi ambacho ndani yake mlikuwa na mchezaji, mchoraji, mtazamaji na jirani aliyekopesha waya wa umeme. Kitu hicho hakikuwa na mwenyewe mmoja, wala hakikuwa na bei.

Bei ilikuja katika mwaka wa 1979. Sylvia Robinson, mwenye kampuni ya santuri ya Sugar Hill huko Englewood, New Jersey, alikusanya vijana watatu ambao hawakuwa na jina katika karamu za Bronx, akawarekodi wimbo ulioitwa "Rapper's Delight". Santuri ile ilivuka bahari ikasikika mpaka Ulaya. Sehemu ya maneno yaliyofokwa na mmoja wa watatu hao, Henry Jackson, yalitoka katika daftari la mfokaji wa Bronx ajulikanaye kwa jina la Grandmaster Caz. Na Caz, kwa maelezo yake mwenyewe, hakupata malipo yoyote. Lakini dhuluma ya daftari ni ndogo ikilinganishwa na mabadiliko mengine yaliyotendeka siku ile bila ya mtu kuyakusudia. Santuri haiwezi kubeba mchoro wa ukutani. Haiwezi kubeba mzunguko wa mchezaji, wala joto la chumba, wala ujirani. Katika mambo yote ya karamu, lililoweza kuingia katika sahani ya plastiki na kuwekwa rafuni dukani lilikuwa sauti. Hivyo aliyekuwa msaidizi akawa bwana, na sehemu ikachukua jina la kitu kizima. Soko halikuiba hiphopu yote. Lilichukua ile sehemu iliyoweza kufungwa katika karatasi, likaiita rapu.

Lawrence Parker alikuwa mtoto wa miaka 14 mambo hayo yalipotokea. Katika ujana wake aliondoka nyumbani, akalala katika mitaa na katika makao ya watu wasio na nyumba, na mchana akajisomea katika maktaba za umma, ambako hakuna aulizwaye kodi. Wenzake wa makaoni walimbandika jina la Krishna kwa sababu alipenda kuzungumza na wafuasi wa dhehebu la Hare Krishna waliokuja huko, na jina hilo likafupizwa likawa Kris. Herufi KRS-One zilikuwa kwanza jina la kuchora ukutani. Baadaye alizipa maana, kwamba maarifa yana enzi juu ya karibu kila mtu. Msomaji aangalie mpango huu wa mambo. Parker aliishika rangi kabla ya kushika kipaza sauti. Aliingia katika hiphopu kwa mlango ambao soko halikuwa na haja nao, na huenda hii ndiyo sababu moja iliyomfanya asikubali kamwe kwamba mlango wa soko ndio nyumba yenyewe.

Katikati ya miaka ya 1980, katika makao ya wanaume wasio na nyumba huko Bronx, alikutana na kijana msomi aliyekuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hapo. Jina lake lilikuwa Scott Sterling, na usiku alipiga santuri kwa jina la Scott La Rock. Mmoja alikuwa mtunzwa, mwingine mtunzaji. Wakaunda kundi moja lililoitwa Boogie Down Productions.

Walijulikana kwanza kwa ugomvi. Marley Marl na MC Shan, wasanii wa mtaa wa Queensbridge katika sehemu ya Queens, walikuwa wametoa wimbo wa kuusifu mtaa wao na mwanzo wa muziki huko. Watu wa Bronx waliufahamu wimbo huo kuwa ni madai kwamba hiphopu ilianzia Queens. Shan mwenyewe alisema hakudai hivyo. Parker alijibu kwa "South Bronx" katika mwaka wa 1986, na baada ya majibu ya Shan akarudi na "The Bridge Is Over". Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili haya si mageni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi katika siku za vita vya miji yao, na kila mmoja aliubeba mji wake katika kinywa chake. Huko New York pia kilichogombaniwa hakikuwa sifa ya mtu mmoja. Vijana wa Bronx walikuwa wamenyang'anywa nyumba, shule na kazi. Historia ilikuwa mali pekee waliyobaki nayo, na yule aliyewaonea kuwanyang'anya hata hiyo alikuta mlango una bawabu.

Albamu ya kwanza ya kundi hilo, "Criminal Minded", ilitoka katika mwaka wa 1987, na katika picha ya jalada lake wawili hao walionekana na bastola. Tarehe 27 Agosti mwaka ule ule Scott Sterling alipigwa risasi huko Bronx alipokwenda kusuluhisha ugomvi wa kijana mwenzao wa kundi, akafariki dunia, umri wake miaka 25. Aliyekufa alikuwa mpatanishi. Tukio hili liliyageuza maisha ya Parker, na haiwezekani kuyaelewa mawazo yake ya baadaye kwa kuliacha kando.

Katika mwaka wa 1988 alitoa "By All Means Necessary". Jalada lake liliiga picha mashuhuri ya Malcolm X akichungulia dirishani na bunduki mkononi. Silaha ilikuwa ingali pale, lakini maana yake ilikuwa imebadilika: kutoka silaha ya mhuni ikawa silaha ya mlinzi. Tangu hapo alijiita mwalimu. Mwaka huo huo kijana mmoja aliuawa katika tamasha la rapu huko Nassau Coliseum, Long Island, na magazeti yakaandika kana kwamba muziki ndio ulioshika kisu. Parker na wenzake, pamoja na mwandishi Nelson George, wakaanzisha harakati ya kukomesha ujeuri, na mwanzoni mwa mwaka wa 1989 wafokaji wengi mashuhuri wa New York, miongoni mwao MC Lyte, Heavy D, Kool Moe Dee na watu wa Public Enemy, waliimba pamoja wimbo wa "Self Destruction". Mapato ya wimbo huo yalipelekwa kwa National Urban League, chama cha siku nyingi cha kuwasaidia watu weusi wa mijini.

Kazi zilizofuata zilikuwa za darasani. Katika "You Must Learn", wimbo wa mwaka wa 1989, alilalamika kwamba mtoto mweusi hufundishwa historia ambayo ndani yake hajikuti, akawataja wavumbuzi na wataalamu weusi kama Benjamin Banneker ambao shule ziliwapita kimya. Albamu ya mwaka wa 1990 aliipa jina la "Edutainment", neno lililounganishwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya elimu na burudani. Katika "Sound of da Police" ya mwaka wa 1993 aliweka bega kwa bega askari polisi wa mjini na msimamizi wa watumwa wa shamba la pamba, akionyesha kwamba vyeo hubadilika majina na kazi ikabaki. Alialikwa kuhutubu katika vyuo vikuu vingi, yeye ambaye chuo chake kilikuwa maktaba ya umma.

Katika kufundisha huko ndiko lilikokomaa wazo lake kuu. Alihesabu nguzo tisa za hiphopu, akazitolea wimbo katika mwaka wa 2003. Nne ni zile za kale: kucheza, kufoka, kuchora na kupiga santuri. Ya tano ni kuiga ngoma kwa mdomo. Nne za mwisho ni mavazi ya mtaani, lugha ya mtaani, maarifa ya mtaani na biashara ya mtaani. Anayezisoma harakaharaka huweza kudhani kwamba nguzo nne za mwisho zimeongezwa ili hesabu itimie. Sivyo. Nguzo nne za kwanza ni sanaa, na sanaa huweza kufundishwa kwa mtu yeyote mwenye kipaji. Nguzo za mwisho ni desturi, na desturi haichukuliwi bila ya kuishi na watu. Kwa kuweka kufoka kuwa nguzo moja tu katika tisa, Parker alimrudisha mfokaji mahali pake pa mwaka wa 1973, msaidizi katika karamu ya wengi.

Kutoka hapo alipanda hatua kwa hatua. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 alianzisha Temple of Hip Hop, yaani hekalu la hiphopu, kwa ajili ya kuhifadhi na kufundisha. Tarehe 16 Mei 2001 yeye na wenzake waliwasilisha katika Umoja wa Mataifa, New York, azimio la amani la hiphopu lenye vifungu 18, lililotaka hiphopu itambuliwe kuwa ni utamaduni wa kimataifa wa amani na neema. Katika mwaka wa 2009 alichapisha "The Gospel of Hip Hop", kitabu cha kurasa zaidi ya 800, ambamo wafuasi wa hiphopu huhesabiwa kuwa taifa lenye imani yake. Hapo mwanzo palikuwa na muziki, kisha utamaduni, kisha taifa, na mwisho jambo lililofanana na dini. Kila hatua ilikuwa jaribio la kupata mahali pa juu zaidi ambapo mkono wa soko hautafika. Maana wimbo hununuliwa, utamaduni hukodishwa, lakini taifa na imani, kwa dhana yake, havina duka.

Je, maisha yake yalilishuhudia fundisho lake? Mwanafunzi wa historia hawezi kulikimbia swali hili, kwa kuwa aliyejiita mwalimu alijiweka mwenyewe mbele ya mizani. Katika mwaka wa 1992, baada ya mmoja wa kundi la P.M. Dawn kuhoji gazetini ualimu wa Parker ni ualimu wa nini, Parker na watu wake walipanda jukwaani New York wakati kundi hilo likiimba, wakalisukuma nje, wakalitwaa jukwaa. Aliyeongoza harakati ya kukomesha ujeuri miaka mitatu tu kabla ya hapo alijibu swali kwa mabavu. Katikati ya miaka ya 1990 sauti yake ilisikika katika tangazo la viatu vya Nike, lililoigwa kutoka katika shairi la Gil Scott-Heron la kuwahimiza watu wasilale mbele ya televisheni. Na katika tangazo la soda ya Sprite yeye na MC Shan waliigiza katika ulingo wa ngumi ugomvi wao wa kale. Vita vilivyopiganwa kwa ajili ya historia ya mtaa vikawa chambo cha kuuzia soda. Mwishoni mwa miaka hiyo aliajiriwa kwa muda katika ofisi za kampuni ya santuri ya Reprise, akawa mmoja wa wanaochagua kitakachouzwa.

Wako waliomwita mnafiki kwa hayo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Nguzo yake ya tisa ni biashara, na hakupata kusema kwamba maskini akiuza ametenda dhambi. Kijana anayetengeneza kitu chake na kukiuza kwa bei yake mwenyewe yumo ndani ya hiphopu. Linalomtoa ni kukubali kwamba thamani yake ni ile bei tu. Lakini hata kwa mizani hiyo tangazo la soda halisimami vizuri, maana bei haikupangwa na Bronx. Lililo kweli ni kwamba mpaka kati ya rapu na hiphopu, ambao katika hotuba zake ulikuwa ukuta, katika maisha yake ulikuwa ua wa makuti: unaonekana, unaheshimiwa, lakini upepo unapita.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi, nayo haitoki nje ya fundisho bali ndani yake. Kitu kikisha kuitwa kitakatifu, waasisi wake hugeuka mawalii. Katika mwaka wa 2016 watu kadhaa walijitokeza wakamtuhumu Afrika Bambaataa, mmoja wa waasisi wakubwa wa hiphopu ya Bronx, kwamba aliwadhulumu kimwili walipokuwa watoto. Bambaataa alizikana tuhuma hizo. Parker alipoulizwa alikataa kumhukumu, akatanguliza heshima ya mwasisi na kazi aliyoifanya, na watu wengi waliomheshimu wakamlaumu kwamba amewapa kisogo watoto wa mtaa ule ule ambao hiphopu iliundwa kuwalinda. Aliyewafundisha vijana kuihoji shule, polisi na serikali alikuta mahali ambapo hakupenda kuhoji. Soko si adui wa pekee wa utamaduni. Heshima isiyoulizwa nayo huudhuru, na huudhuru kimyakimya.

Pamoja na hayo yote, fundisho lenyewe halianguki kwa makosa ya mfundishaji. Lina uwezo wa kuyafafanua mambo hata nje ya Marekani, na Dar es Salaam ni ushahidi mzuri kwa sababu huko mambo yalikwenda kinyume. Katika Bronx karamu ilitangulia na santuri ikafuata. Dar es Salaam santuri na kaseti zilitangulia. Vijana wa miaka ya 1980 walipokea kwanza sauti iliyokwisha kufungwa na kuuzwa, bila ya mtaa ulioizaa. Katika mwaka wa 1991 Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika nyimbo za rapu za Marekani, na wasikilizaji wakaona kwamba sauti ile ya kigeni yaweza kukaa katika lugha yao. Katika mwaka wa 1993 kundi la Kwanza Unit liliundwa, na wenyewe hawakuridhika kuwa waimbaji tu. Walisema juu ya wafuasi wao kama watu wa taifa moja, wakalibuni na jina lake, Kwanzania. Katika mwaka wa 1995 Joseph Mbilinyi, ajulikanaye kama Mr. II na baadaye Sugu, alitoa "Ni Mimi", na muziki ule ukaanza kusema habari za kijana wa Kitanzania kwa Kiswahili chake. Mtu huyo huyo alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini katika mwaka wa 2010. Soko lilipokuja kuupa muziki wote wa vijana jina moja la bongo fleva, wako wafokaji waliolikataa jina hilo wakasema wao ni watu wa hiphopu. Ugomvi wa majina huonekana kuwa mchezo kwa asiyehusika. Waliokataa walikuwa wakisema lile lile lililosemwa Bronx: kwamba tunda limeuzwa, mti haukuuzwa.

Mfano huu wa Dar es Salaam unamsahihisha Parker na kumthibitisha kwa wakati mmoja. Unamsahihisha kwa kuwa kama si rapu iliyouzwa, hiphopu isingalivuka mto wa Harlem, sembuse Bahari ya Hindi. Na mtu aliyejifunza kutoka kaseti ya dukani aliweza kujenga juu yake mtaa, lugha na hata siasa. Kilichouzwa chaweza kurudishwa uhai na atakayekipokea. Unamthibitisha kwa kuwa kupokea sauti hakukutosha. Mpaka vijana walipotia ndani yake lugha yao, njaa yao na historia yao, walikuwa waigaji; walipokwisha kuyatia hayo, wakawa na kitu ambacho hakikuweza kuagizwa kutoka ng'ambo.

Katika mwaka wa 2006 mfokaji Nas, aliyekulia Queensbridge, alitoa albamu yenye jina la kutangaza kwamba hiphopu imekufa. Mwaka uliofuata Parker alijibu kwa albamu iitwayo "Hip Hop Lives", yaani hiphopu inaishi, na mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Marley Marl, yule yule wa Queensbridge aliyepigana naye kwa nyimbo miaka ishirini nyuma. Albamu hiyo haikutikisa masoko. Lakini kwa mwenye kuitafuta tofauti ya rapu na hiphopu, inafaa kuliko orodha ya nguzo tisa. Kwa hesabu ya rapu, ugomvi wa Bronx na Queens ulikwisha kutoa faida yake yote zamani, mara ya mwisho katika tangazo la soda. Kwa hesabu ya hiphopu ulikuwa bado na deni, nalo ni suluhu. Deni lile lile alilokwenda kulilipa Scott Sterling siku aliyouawa, na ambalo Parker hakulilipa alipolitwaa jukwaa la wenzake katika mwaka wa 1992. Wazee wawili walikaa studio wakalilipa kwa fungu lao. Jambo hilo halikuhitaji hekalu wala azimio. Lilihitaji watu waliokubali kwamba waliyoyafoka vijana yana dhamana katika maisha yao ya utu uzima, na huu ndio ukweli wa fundisho la KRS-One, naye hupimwa kwa huo kama wengine wote.